Kitovu cha Kikapu

“Batoto bako ndio beko na mikono ya miti!” Anastasie alinifokea. “Mi sijakosea kitu.”

“Wote, Yaya? Hata Chérie wangu, anayesuka nywele za nusu ya mji wa Baraka?”

“Hata yeye. Kusuka nywele haiko kusuka kikapu.”

Nilimwaga gunia juu ya mkeka wake. Vikapu vilianguka, vimepinda, vingine vimeachwa nusu. Wasichana wa foyer, kituo kinachofundisha kazi za mikono hapa Baraka, walikuwa wamejaribu mfuko wetu wa wanaoanza. Ndani tuliweka nyasi, ukindu wa rangi, sindano, karatasi ya michoro, na kitovu: ule mduara wa kwanza wa kikapu, unaomshinda kila anayejifunza. Anastasie, dada mkubwa wa mume wangu, ninayemwita Yaya kwa heshima ya ukubwa wake, alivisuka vitovu peke yake nyumbani kwake. Nilitaka msichana aanzie pale ugumu unapoishia.

Hakuna aliyemaliza. Wawili walilia. Chérie alisema, “Mama, kazi inanirudisha nyuma,” nami nikamwambia aache uvivu. Mkubwa wa foyer alinipa nafasi moja tu zaidi, Jumatatu. Tukishindwa tena, angetafuta watu wengine.

“Lete sindano,” Anastasie akasema. “Nikuonyeshe, we Mama Chérie wa masomo mingi.”

Akanyakua kitovu. Hasira ilimsahaulisha. Sindano ilikwenda mbio, kila mshono ukikaa safi ubavuni mwa mwenzake. Ilikuwa katika mkono wa kushoto.

Aliona nilikotazama, akauingiza mkono chini ya kitenge.

Basi ndiyo maana alifunga mlango kila aliposuka. Yeye na mume wangu walipokuwa watoto kule Lubondja, mama yao aliufunga mkono ule kwa kitambaa mpaka Anastasie akakubali kula, kusalimu na kupokea kwa mkono wa kulia. Mume wangu alinisimulia hayo akicheka, kama jambo lililokwisha. Halikuisha. Vitovu vyake vyote vilizunguka upande wa mkono wake wa kushoto, na kila msichana wa mkono wa kulia aliyeendeleza alikuwa akipigana navyo.

“Ungeniambia, Yaya.”

“Nikuambie nini? Kama mukono ya chooni ndio inashona bikapu byako?”

“Tungevigeuza.”

“Ugeuze, mafundo ikae inje! Nani atanunua?”

Hapo alisema kweli. Kikapu chenye mafundo nje hata jirani hakichukui bure.

“Nitashona na huu mwingine,” akasema. Akahamishia sindano mkono wa kulia. Mshono wa kwanza ulilegea. Wa pili uliruka. Wa tatu ulimchoma kidole, akakilamba haraka ili nisione.

“Yaya, acha.”

“Kesho utazoea.”

“Jumatatu iko karibu mno. Espérance, yule msaidizi wetu, hushona kwa mkono wa kulia; yeye ataanzisha vitovu. Wewe utapika rangi ya ukindu. Malipo yako hayatabadilika.”

“Nani amekuuliza feza?” Sauti yake ilishuka. “Mi niko fundi. Mama alifunga huu mukono na kitambaa. We unataka kuufunga na sufuria ya rangi.”

Ningeweza kumwambia pole. Lakini pole haimalizi kikapu, na wale wasichana walikwenda kwao wakiamini kwamba hawana akili.

Wembe wake wa kukatia ukindu ulikuwa juu ya mkeka. Niliuchukua. Nikakata kitovu cha kwanza kati ya vile alivyokwisha kusuka, nikachomoa nyasi, nikazinyoosha juu ya goti na kuziweka kando kwa ajili ya Espérance. Nikakata cha pili. Vilikuwa vizuri, vizuri kuliko chochote ambacho Espérance angeweza kusuka. Nikakata cha tatu.

Anastasie alikaa palepale akitazama. Hakunizuia, wala hakunisaidia.