Jina la Kipkoech Halikutoka Redioni

Kwa miaka kumi na moja Bot Kipkoech, yaani mama yake Kipkoech, alikuja hotelini kwangu kila palipotangazwa mbio za ng'ambo. Hapo Silibwet hakuna redio iliyopiga kelele kushinda yangu. Anaweka chini kikapu chake cha kuchumia chai, anashika kikombe kwa mikono miwili, anangoja mtangazaji aseme jina la mwanawe. Mwaka wa Olimpiki za Atlanta alikaa siku zote za mbio. Wapi!

Barua zilisema kijana ako Italia, analipwa na timu ya michezo. Nani angeuliza mchezo gani? Mkipsigis wa kwetu akipandishwa ndege kwa sababu ya michezo, ni miguu ya mbio inatakiwa. Jina liliposhindwa kutoka, watu wakaanza kunong'ona: ati anaosha vyombo, ati amefungwa. Sitajitoa. Hiyo ya kufungwa ilipikwa jikoni kwangu.

Basi Oktoba hiyo ya tisini na sita akarudi. Aliinama kuingia mlangoni kwangu, akainama tena kukwepa taa, na goti la kulia linamchechemesha. Wateja walisahau chapati zao mkononi.

Siku ya tatu alimsindikiza mama yake kupeleka majani kwa sentaa ya chai, ng'ambo ya barabara tu. Lori la kuchukua majani lilikuwa limekwama kwa matope, tukawa watu kama sitini tunangoja. Kiptum, karani wa mizani, kimya humuumiza tumbo.

"Bot Kipkoech, bingwa wako alikuwa anamaliza namba ngapi? Ama na hilo goti alikuwa anabebea wenzake maji?"

Watu wakacheka. Mama akaanza kuchambua upya majani aliyokwisha kuyachambua.

"Sikukimbia," Kipkoech akasema. "Nilicheza basketi."

"Basketi!" Kiptum akajishika mbavu. "Si hiyo ni ya wasichana, kina Chepchirchir na sketi zao huko sekondari?"

Mama akainua uso. Hakucheka. "Kipkoech, sasa miaka hiyo yote mimi nilikuwa nasikiliza nini? Nimechekwa bure?"

Kipkoech alichukua kikapu cha zamani ambacho mama alikuwa amekalia, kilichooza chini, akakitoboa kabisa kwa ngumi. Akakitundika kwa msumari ulio ukingoni mwa paa la sentaa, pale Kiptum hupandia ngazi. Yeye alinyoosha mkono tu. Kisha akatoa mpira wa kahawia kwa mfuko aliokuwa amebeba mgongoni, akavuka barabara akichechemea, akasimama mlangoni kwangu. Hatua kumi nzuri.

Goti lilikunjika kidogo. Mkono ukabaki juu, vidole vimelegea kama vya mtu amechuma majani mawili na chipukizi. Mpira ulipita juu ya vichwa vyetu, ukapanda kushinda paa, ukashuka katikati ya kikapu bila kugusa mdomo wake.

Mzee Johana wa kanisa aliuokota, akamrudishia kwa mikono miwili kama anayepeleka sadaka.

Wa pili ukaingia. Wa tatu. Wa nne alitupa akiwa ameangalia mama yake, si kikapu. Wa nane uligonga ukingo, ukazunguka, ukafikiria, ukaingia. Nimeona mengi mimi, na mengi nimeyaongeza chumvi. Hili sikupata pa kuliongezea.

Mama akasimama. "Huko watu walikuwa wanakuja kuangalia?"

"Elfu nne, mama. Siku zingine tano."

"Na jina lako lilikuwa linaitwa?"

"Kila nikiingiza. Walikuwa wanaliharibu, lakini waliliita."

Mama akajifunga leso vizuri, akapanda juu ya meza ya kuchambulia majani, meza ambayo karani hakubali hata uiegemee.

"Tupa," mama akaamuru.

Mpira ukapanda. Na kabla haujafika kikapuni, mama akapaza sauti, ile ile ya mtangazaji wangu wa redio, akivuta maneno: "Kipkoooech! Kipkoech wa Silibweeet!"

Tuliliita naye, sote sitini, mpira baada ya mpira. Lori lilifika likapiga honi mpaka dereva akachoka, akashuka, akaja kusimama nasi. Kiptum ndiye aliyekuwa anaokota mpira.