Koti la Osundwa

Mimi nina kiherehere. Mama aliniambia nikiwa darasa la pili, mume wangu akaniambia siku aliyofunga virago, na sasa najiambia mwenyewe kila Ijumaa. Naitwa Khalayi. Nina saiba hapa Lubao, Kakamega, mkabala na uwanja wa ng'ombe: kompyuta tatu, moja mbovu, na mashine ya kutoa nakala inayokohoa kuliko mgonjwa. Nawajazia watu fomu za serikali ambazo serikali yenyewe haizielewi.

Mwezi wa Januari niliona tangazo kwamba shirika fulani litaajiri watu wa kuandikisha waliohamishwa na mafuriko, na kwamba mwenye cheti atafikiriwa kwanza. Nikatafuta kozi. Niliipata moja ya bure, ya mtandaoni, wiki kumi, kuhusu watu wanaohama makwao kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi. Mwalimu wetu alikuwa mama wa ng'ambo mwenye sauti ya upole, na nyuma yake kwenye video palikuwa na rafu ya vitabu na paka aliyelala. Alituonyesha ramani ya dunia yenye mishale myekundu: watu wanatoka huku, wanakwenda kule. Niliutafuta mshale wa kuja Kakamega, sikuuona. Nilicheka peke yangu, maana kila siku ya soko aliyehama alikuwa anasimama mlangoni pangu na gambuti zake za matope.

Aliitwa Osundwa. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mkono wa kushoto hauna kidole cha shahada. Kazi yake ilikuwa kuswaga ng'ombe wa wachuuzi kutoka kwenye malori hadi uwanjani. Kila Ijumaa, akishamaliza malori ya kwanza, alivua kofia na kusema maneno yale yale.

“Madam, angalia kama ametokea.”

Nami niliandika jina la mwanawe, Elvis Osundwa, nikapekua Facebook, nikapekua kurasa za watu waliopotea, nikapekua orodha za kambi. “Bado, mzee.”

“Sawa. Ijumaa ijayo.”

Ilikwenda hivyo mwaka mzima na nusu. Sikuwahi kumuuliza zaidi, na kwa mtu kama mimi hiyo ni ajabu. Nadhani nilikuwa naogopa.

Wiki ya sita mwalimu alitupa kazi: mhoji mtu mmoja aliyehama, kwa ridhaa yake, umjazie fomu ya kurasa tatu. Wanafunzi wa nchi nyingine waliuliza kwenye ukumbi wa mjadala watampata wapi mtu wa namna hiyo. Mimi nilingoja Ijumaa.

Nilimmiminia Osundwa chai, nikamsomea karatasi ya ridhaa. Jina lake halitatajwa. Hakuna mtu atakayeambiwa habari zake pasipo yeye kukubali. Akauliza, “Hakuna mtu kabisa?” Nikamwambia kabisa. Akatia sahihi polepole, kama mtu anayeuza shamba.

“Sisi tulikuwanga tunakaa Budalang'i, chini, karibu na mto Nzoia,” alianza. “Maji ilikuwa inakujanga tangu nikiwa mtoto. Inakuja, inarudi. Ile ya mwaka wa ishirini na nne haikurudi.”

Mdogo wake, Ignatius, alihama siku moja kabla, akapanda kwenye mwinuko na familia yake. Alimsihi Osundwa ahame naye. Osundwa akakataa.

“Ng'ombe yangu ilikuwa karibu kuzaa. Nikamwambia, nipe siku moja tu.”

Kulipopambazuka maji yalikuwa yamefika dirishani. Mama yake Elvis alikwishafariki miaka mingi nyuma. Nyumbani walikuwa wawili tu, baba na kijana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa anatetemeka kwa malaria. Mtumbwi wa kwanza uliopita ulikuwa na nafasi moja.

“Nilivua koti yangu nikamvalisha. Nikamwambia, tangulia, mimi nakuja na ile ingine.”

Mtumbwi wa pili ulimchukua Osundwa adhuhuri. Alipofika nchi kavu aliuliza habari za ule wa kwanza, na kila mtu akamwonyesha upande tofauti. Kambini alisikia kwamba vijana fulani walikuwa wamepanda Mumias kukata miwa. Akawafuata. Mumias hakumpata, akaja Lubao, kwa kuwa sokoni hupita kila aina ya mtu.

Aliniambia habari za lile koti kwa muda mrefu kuliko habari za maji. Lilikuwa koti la buluu, zito, alilopewa alipokuwa kibarua katika kiwanda kimoja cha sukari. Marehemu mkewe alilitia jina kifuani kwa uzi mwekundu, OSUNDWA, herufi kubwa, maana kule kiwandani makoti yalikuwa yanaibwa kila wiki.

“Hiyo ndiyo inanipa moyo,” alisema. “Hata akianguka mahali, hata akipoteza fahamu, mtu akimpata atasoma jina. Atajua huyu ni wa nani.”

Nikafika swali la mwisho: nia ya kurudi nyumbani.

“Nitarudi aje na nilishazikwa?” Akacheka kidogo. Mchuuzi mmoja wa ng'ombe kutoka upande wao alimsimulia, bila kujua anazungumza na nani, kwamba Osundwa wa kule chini alikufa maji na ana kaburi lenye msalaba. “Walizika mgomba.”

Hata mimi nilicheka, maana hilo kwetu halihitaji maelezo. Mtu akipotelea majini na mwili usionekane, hukatwa shina la mgomba, likavishwa sanda, likalazwa jenezani, likaliliwa na kuzikwa, ili roho isitangetange na watoto wasisumbuliwe. Na aliyezikwa hivyo akirudi hai, haingii bomani hivi hivi. Lazima kaburi lifukuliwe kwanza, mgomba utolewe, kondoo achinjwe. Ndivyo tulivyolelewa. Osundwa alisikia ana kaburi, akajua ni mgomba. Nami nilisikia ana kaburi, nikajua ni mgomba. Hakuna kati yetu aliyeuliza.

“Nitarudi na Elvis,” alisema. “Yeye ndiye atafukua hiyo mgomba. Mimi nitasimama kando nikimcheka. Lakini kuingia peke yangu, Ignatius aniulize mtoto iko wapi, na yeye aliniambia nihame? Hapana, Madam.”

Niliandika: hapana, kwa sasa. Nikaituma kazi.

Mwalimu alinijibu kwamba imemgusa sana, ila sehemu ya kurudi ilikuwa na upungufu. Je, nyumbani kuna jamaa? Wao wanasemaje? Akanipa juma moja nirekebishe.

Hapa ndipo kiherehere changu kilipopanda. Ningeweza kumngoja Osundwa nimwombe ruhusa. Nilijua atakataa. Nilikitaka kile cheti, nisijifanye mtakatifu. Pia niliona huruma, wallahi niliona, nikawaza: huyu baba anateseka bure kwa aibu, mtu mmoja mwenye akili akipiga simu moja tu, kaburi litafukuliwa na mambo yaishe. Huyo mtu mwenye akili nikajichagua mimi. Kuuliza si ujinga, nilijiambia. Nikapata nambari ya naibu wa chifu wa kule, naye akanipa ya Ignatius.

Ignatius alidhani mimi ni tapeli.

“Mama, kaka yangu tulimzika. Usicheze na marehemu.”

“Mlizika mgomba,” nikamwambia, kwa sauti ya mjuaji. “Yeye yuko hapa Lubao, mzima.”

“Mgomba?” akauliza. “Mgomba ikona miguu? Mimi mwenyewe ndio nilishika miguu tukimtoa kwa matope.”

Sikuelewa. Au nilielewa nikakataa. Nikamtajia kidole kilichokatika, nikamtajia ng'ombe aliyekuwa karibu kuzaa, na ile siku moja ambayo Osundwa aliomba. Nilisikia pumzi yake ikibadilika. Akaanza kumshukuru Mungu, akaita watu, akasema kaka yuko hai, kaka yuko hai. Kisha akarudi kwenye simu, anacheka na kulia.

“Na Elvis iko na yeye, sindio? Mwambie tumemungojea sana. Nyumba yake ya kijana tuliiezeka mabati mpya Disemba. Wazee walikataa tusimzikie mgomba, walisema mtoto bado iko hai mahali.”

“Elvis hayuko naye,” nikasema.

“Iko wapi?”

Nikamuuliza mtu waliyemzika walimtambuaje.

“Alikuwa amekaa kwa maji siku tano, mama. Sura haikuwa, vidole samaki ilikuwa imekula. Lakini tulijua ni yeye. Alikuwa na koti.”

Ng'ombe walikuwa wanalia kule uwanjani. Ignatius aliniita mara mbili kwenye simu. Nikamwambia kwamba asubuhi ile Osundwa alilivua koti akamvalisha mwanawe. Sikujua namna nyingine ya kulisema. Sijawahi kusikia mwanamume akitoa sauti kama ile aliyotoa Ignatius, na sitaki kuisikia tena.

Ignatius alikuja Ijumaa. Osundwa alivua kofia mlangoni kama kawaida, akaanza, “Madam, angalia kama...” Akamwona mdogo wake amekaa kwenye kiti cha wateja. Walikumbatiana. Halafu Osundwa alinitazama mimi, juu ya bega la Ignatius.

“Karatasi ilisema hakuna mtu,” alisema. “Nilitia sahihi.”

Kusema kweli, ningependelea anizabe kofi.

Kwa dakika chache alikuwa na furaha, hiyo siwezi kumnyang'anya. Aliuliza habari za watoto wa Ignatius, akauliza nani anaolewa, akauliza ule mgomba waliukata kwenye shamba gani. Ignatius akainamisha kichwa, akamshika mikono yote miwili, akamwambia. Alimwambia kwa lugha ya kwao, nami nilisikia neno koti, na jina la mtoto. Osundwa hakulia. Alimsikiliza hadi mwisho, akavaa kofia, akasema twende.

Niliijaza fomu siku ile ile. Nia ya kurudi: amerudi. Nilikuwa nimeshaiandika mapema kichwani, na vidole viliiandika vyenyewe. Mwalimu alinipa alama tisini na mbili na kuandika kwamba ni nadra kupata mfano wenye matumaini kama huu. Niliisoma sentensi hiyo, nikafunga duka. Kazi ya kuandikisha watu sikuiomba. Cheti kiko ndani ya kompyuta ile mbovu, na sina haraka ya kuitengeneza.

Ijumaa mbili zilipita bila yeye. Ya tatu, malori yalipoanza kushusha, nilimwona uwanjani na fimbo yake, amekonda, gambuti zile zile. Hakuja saa zake. Nilikuwa nafagia nifunge nilipogeuka na kumkuta mlangoni, kofia mkononi. Nikampa kiti, nikapiga magoti mbele yake kama mtoto, nikamwomba msamaha. Alinikubalia kwa kichwa, kama mtu anayepita njiani akisalimiwa.

Nikamuuliza kama wazee walifanya kila kitu.

“Walikuwa tayari. Kondoo ilikuwa imefungwa. Walitaka kung'oa msalaba, watoe jina yangu, waandike Elvis.” Alikuwa anaizungusha kofia mapajani. “Nikakataa.”

“Kwa nini, mzee?”

“Wakiandika Elvis, nani atamtafuta tena?”

Alinieleza taratibu, kwa uvumilivu, utadhani mimi ndiye mgumu wa kuelewa. Sura haikuonekana, Ignatius amekubali mwenyewe. Ilionekana koti tu. Na koti huibwa. Mkewe alilitia jina kwa sababu hiyo hiyo. Kambi ile ilikuwa na wezi wengi, na Elvis alikuwa mgonjwa, hangeweza kupigania koti. Basi aliye kaburini ni mwizi fulani tu, na jina lililo juu yake ni Osundwa, na liachwe hapo hapo. Wazee walimwambia akilikataa jambo hilo hawezi kulala bomani, maana boma haliwezi kuwa na mtu mmoja kaburini na mezani. Alikubali. Alilala nyumba ya jirani, asubuhi akarudi Lubao.

“Kama ni mimi nilizikwa, Elvis bado iko,” alisema. “Si ni hesabu rahisi?”

Nilitaka kumwambia. Nilikuwa na maneno yote mdomoni: mtumbwi ulipinduka, mzee, kambi hakuifikia, hakuna mwizi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilifunga mdomo.

Alisimama, akasogea karibu na kompyuta, akaegemeza mkono wake usio na kidole juu ya meza.

“Madam,” alisema, “angalia kama ametokea.”

Niliwasha mashine. Nikaandika Elvis, nikaacha nafasi, nikaandika Osundwa. Nilipekua Facebook, nikapekua kurasa za waliopotea, nikapekua orodha za kambi ambazo zilishafungwa zamani. Sikuruka hata moja, naye alikuwa ananitazama nisiruke.

“Bado, mzee,” nikasema.

“Sawa. Ijumaa ijayo.”