Dhiraa Mbili za Utepe

Pamba ya kwanza ilitoka na rangi ya kohozi. Nadhira aliitazama, akakunja uso, akaitupa kwenye gazeti na kuchovya nyingine katika spiriti. Kuvu ilikuwa imeota juu ya utepe wa kaseti kama inavyoota juu ya mkate uliosahauliwa kabatini, na harufu yake ya nguo zilizovunda ilikuwa imemkaa kooni tangu asubuhi. Hakulalamika. Ile ilikuwa sauti ya baba yake, na kwa ajili ya baba yake angesafisha hata choo cha stendi.

Kaseti ililetwa wiki iliyopita kutoka Maskati na binamu yake, Muataz, aliyeikuta kwenye vitu vya marehemu Ami Hamoudi, nduguye baba. Enzi zile ndugu waliotenganishwa na bahari walizungumza kwenye kanda, wakampa msafiri azipeleke. Baba yake, Mzee Mahmoud, aliyeuza vitambaa hapa Bagamoyo, alifariki Nadhira akiwa na miaka mitatu. Alichomwachia ni jina, na binti alilibeba kwa kujidai: Mwalimu Nadhira Mahmoud, wa kemia. Kaseti ilipofika, aliibusu.

"Nisafishie, mwanangu," mama yake, Bi Batuli, alimwambia. "Nataka kuisikia kabla sijafumba macho."

Nadhira aliona haya kidogo kwa mapenzi ya namna ile, ya mwanamke aliyekaa ujane karibu miaka arobaini.

Kazi yenyewe aliijua. Wanafunzi wake hushangaa akiwaambia kwamba utepe wa kanda ni plastiki iliyopakwa kutu: kutu ya chuma iliyosagwa laini, ikashikwa kwa gundi. Sauti ya mtu hukaa humo kwenye kutu. Spiriti huondoa kuvu na kuiacha gundi salama. Asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, huilainisha gundi, na kutu yote ikabanduka. Chupa ya asetoni ilikuwa dirishani, kwenye vikorokoro vyake vya urembo, na huko aliiacha.

Baada ya adhuhuri, mama akiwa chumbani anaswali, Nadhira aliitia kaseti kwenye redio. Sauti ikatoka, nzito, tulivu, ya mtu aliyekula akashiba. Machozi yalimlengalenga.

"Hamoudi, usiwasikilize wasengenyaji. Mimi sijaoa huku. Huyo mwanamke ni wa jikoni tu. Wazee wake walikuwa watumwa wa babu yetu, nitamwoaje? Na hicho kitoto kisikushughulishe." Kikombe kikagonga kisahani. "Ndiye huyu, kaleta kahawa," sauti ikaendelea, na ndani yake mlikuwa na kicheko.

Nadhira alizima.

Cheti cha ndoa ya wazazi wake alikuwa amekiona kwa macho yake, sandukuni mwa mama. Hasira ingekuwa afadhali. Kilichompanda ni kinyaa, kile kinachompata mtu anayeng'ata embe akakuta nusu ya funza. Alijifuta midomo kwa khanga mara mbili, mara tatu, midomo ile iliyoibusu kaseti, na bado akaiona michafu. Kitoto! Na mama yake, anayemwombea dua mtu huyu kila Ijumaa, aje asikie haya?

Aliichukua chupa ya dirishani. Akauvuta utepe, akaanzia pale uliposimama, kwenye kicheko, akaenda mbele. Hakutaka hata kujua aliendelea kusema nini. Ya nyuma angeyarudia baadaye. Kutu ilitoka ikiwa rojorojo la kahawia, ikamnata vidoleni kama uharo wa mtoto. Alipochovya tena, utepe nyuma ya mkono wake ulikuwa mtupu, unaonyesha mwanga.

"Mbona kunanuka saluni?"

Bi Batuli alikuwa mlangoni, tasbihi mkononi.

"Imeharibika, mama. Haisikiki."

"Hata pale kwenye kikombe?"

Mkono wa Nadhira ulisimama. "Kikombe gani?"

"Kahawa nilimpelekea mimi. Nilikuwa mlangoni na sinia, nikayasikia yote aliyomwambia nduguye." Alikaa kitini polepole. "Sauti yake naijua, Nadhira, sina haja nayo. Lakini aliposema 'ndiye huyu', nilifungua kinywa. Miaka yote nimekuwa nikijiambia kwamba nilimjibu. Siku nyingine nayakumbuka maneno yenyewe, neno kwa neno. Siku nyingine naona niliinama tu, nikatoka. Nataka nisikie, nijue."

Nadhira aliutazama utepe mtupu mapajani mwake. Dhiraa mbili, karibu mita moja. Kaseti hupita karibu sentimita tano kwa sekunde. Hizo ni sekunde ishirini hivi. Mwanamke mwenye uchungu angeweza kusema mengi humo, na nafasi ikabaki.

"Nimefuta, mama," alisema. "Nilitaka usisikie."

"Umefuta wapi?"

"Baada ya kikombe."

"Na aliyosema yeye?"

"Yapo."

Bi Batuli alinyoosha mkono, akaokota pamba kutoka kwenye gazeti, ile iliyolowa kahawia, akaisogeza karibu na macho. Akaigusa kutu kwa ncha ya kidole, akaisugua taratibu kwa dole gumba, kisha akainusa. Uso hakuukunja.