Kitako Kilichopinda

Fundi wa bunduki hakuwa mtu wa papara. Alifunga mlango wa karakana, akaelekeza mtutu ukutani, akaikagua ile shotgani kuukuu hata akaridhika haina risasi, ndipo akailaza mezani juu ya kitambaa. Mjane wa mlinzi alikaa kwenye benchi, roho mkononi. Mtoto wa tajiri yeye hakukaa. Alizungukazunguka utadhani amekanyaga kaa la moto.

Ilikuwa hivi. Mume wa huyu mama alilinda shamba la tajiri mpaka uzee ukamkuta langoni. Alipostaafu alirudi nyumbani na bunduki, akasema amezawadiwa. Tajiri akafa, na sasa mlinzi naye kafa. Msibani, kaburi halijakauka, mtoto wa tajiri akasimama mbele za watu akasema bunduki ile iliibwa kwa baba yake. Mama akatoa kibali chenye jina la mumewe. Kijana akajibu kuwa vibali hununuliwa. Basi ikawa watu wanampa pole huku macho yakitazama pembeni. Kumzika mume alishamzika. Lile jina la mwizi ndilo lililomnyima usingizi. Mtu ambaye hakuwahi kugusa hata yai la kuku wa jirani!

"Tuambie tu, fundi," alisema mama. "Ni bunduki gani, ilikuwa ya nani, na ina thamani gani."

"Ya zamani hii, mama. Inajipakia yenyewe. Ukifyatua, mtutu unarudi nyuma, ganda linaruka nje, risasi nyingine inaingia. Chombo kizuri."

"Kilikuwa kizuri!" mtoto wa tajiri alidakia. Aliinyakua akaiweka bega la kulia. "Ona alivyoiharibu. Kitako kimepinda, hakikai shavuni. Na kitufe cha usalama kakigeuza. Baba angelia."

Fundi aliichukua taratibu. Kwa bisibisi alifungua bamba la nyuma ya kitako, akapuliza vumbi, akavaa miwani. Kwenye mbao palikuwa na namba iliyogongwa kiwandani. Akailinganisha na ile ya kwenye chuma, zilikuwa moja.

"Hakijapinda," alisema. "Kimechongwa hivi tangu kiwandani. Bunduki hii iliagizwa kwa ajili ya mtu wa mashoto, kitako na kitufe vyote. Na tazama, rangi imelika upande huu tu, shavu la kushoto lilipokuwa likilala. Baba yako alikuwa mashoto?"

Kijana alisogea akaitazama ile rangi. "Baba? Hapana. Wa kulia."

Mama alicheka, machozi yakamtoka papo hapo. Mumewe alichapwa utotoni hata mkono wa kulia ukakubali kazi. Mbele za watu alikula kwa kulia na kupokea kwa kulia. Nyumbani tu, mlango ukifungwa, ndipo alipogonga misumari kwa kushoto.

"Alidhani huko shambani hakuna wa kumwona akilenga kwa kushoto," alisema. "Kumbe baba yako alimwona, akanyamaza, akamwagizia yake."

Kijana aliketi, hatimaye. "Mama, nisamehe."

"Nimeshakusamehe, mwanangu. Ila yale hukuyasema humu karakanani. Jumamosi tunaanua matanga. Njoo useme na haya."

Fundi alikohoa. "Kuhusu thamani, mama, nisikufiche. Mashoto ni wachache, mnunuzi wake utamtafuta kwa tochi. Bei yake ndogo."

"Umenirudishia mume wangu, fundi, halafu unaniambia ndogo?"

Jumamosi mtoto wa tajiri alisimama pale pale aliposimama siku ile, akasema yote. Watu wakaguna, wengine wakainamisha vichwa. Mama alihisi mzigo ukimshuka mabegani, akavuta pumzi ndefu aliyokuwa na kiu nayo tangu mazishi.

Akaletewa chai. Akaipokea kwa mkono wa kushoto. Wifi yake alikunja uso. Mama alimtazama tu, akanywa.