Mbegu za Tini

Shangazi alikuwa na ulimi, na jikoni hapakuwa na aliyepona. Hata mwenye duka, binti wa kaka yake, alipata fungu lake. Alimwita Bosi kwa kumtania, maana Shangazi ndiye aliyemfundisha kushika kijiko. "Bosi, chokoleti hii umeiyeyusha au umeitokosa?"

Kazi yenyewe ukiitazama utasema ni ya watoto. Unamimina chokoleti iliyoyeyuka kwenye karatasi, kijiko kimoja kimoja, inatanda duara kama kifungo cha koti. Juu yake unapanga lozi, korosho, zabibu kavu na kipande cha tini. Ni mapishi ya Kifaransa, Shangazi aliyapata ujanani kwenye jiko la hoteli. Ila chokoleti haina subira. Ikishaganda, lozi haishiki. Unainua kipande, lozi inabaki mezani. Kwa hiyo fundi humimina vile tu ambavyo mikono yake itawahi kuvipamba. Zamani Shangazi alimimina trei nzima. Sasa alimimina vitatu, vidole vikitetemeka, na bado kimoja kilimshinda.

Mtu aliyekula chumvi nyingi hujijua. Alijua ipo siku ataambiwa akapumzike, na neno hilo alilichukia kuliko kaburi. Mume alishazikwa, watoto hakujaliwa. Akitolewa jikoni humo, atakachobaki nacho ni kiti na dirisha. Lakini kila jioni Bosi aliipokea trei yake na kusema, "Za kwako ndizo zinazoulizwa kwanza, Shangazi." Basi alikuwa akienda kulala moyo mweupe.

Kuonja alikuwa ameacha, daktari alimkataza sukari. Lakini asubuhi moja, chokoleti ya sufuria ndogo aliyotengewa pembeni aliiona nzito, akalamba kijiko. Kitu kikalia kwenye jino. Akalamba tena, kikalia tena. Mbegu ya tini. Vipande vya lozi hunaswa na chujio, ila mbegu ya tini ni ndogo, hupita.

"Bosi, chokoleti hii imetoka wapi?"

"Kwenye pakiti, Shangazi."

"Pakiti za siku hizi zinakuja na mbegu za tini?"

Bosi akaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Tangu lini unaziyeyusha tena za kwangu?" Shangazi akauliza.

"Muda sasa."

"Na lozi zangu?"

"Nazibandua, nazirudisha kwenye bakuli lako." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nyingine zilikuwa zinaanguka kabla hazijafika kwenye boksi. Ningekuambiaje? Ungekwenda nyumbani ukajifia."

Kumbe alikuwa anapamba chokoleti ileile kila siku, kama mtoto aliyepewa donge la unga achezee, asisumbue wakubwa. Na hao waliokuwa wakiulizia za kwake hawakuwapo. Shangazi alimchukia yule binti, akamchukia kweli, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na kosa la kumshikia isipokuwa huruma.

"Ulinivisha kilemba cha ukoka, mwanangu," alisema, "nami nikatembea nacho mjini, nikipokea salamu."

Bosi alikuwa analia. Shangazi hakumbembeleza. Alichukua kijiko, akamimina vitatu, akavipamba kwa lozi, korosho, zabibu, tini, polepole, bila kuficha mtetemo. Akakaa mpaka vikaganda. Kisha akaanza kuvibandua mwenyewe, kimoja baada ya kingine, matunda na lozi akayarudisha bakulini, chokoleti akairudisha kwenye sufuria.

"Nimekupunguzia kazi ya jioni," akasema.

Akavua aproni, akaikunja, akaenda zake bila kuaga. Bosi alidhani kwamba hatamwona tena pale. Lakini kesho yake, saa ileile, Shangazi aliingia, akanawa mikono, akaibandika motoni sufuria yake ya pembeni. Nyumbani alikuwa amekaa kwenye kile kiti tangu mchana mpaka usiku, akitazama dirisha.