Nusu Saa ya Kimya

Siku binti yangu alipopimwa kuvuka barabara peke yake, niliamka nikavaa shati nje ndani. Sifanyi mzaha. Nimefanya kazi ya bati miaka ishirini na sita, nimekatwa na mkasi, nimeanguka kutoka kwenye paa mara mbili, lakini woga wa namna ile sikuwahi kuujua.

Binti yangu ana miaka kumi na tatu na haoni. Homa ilimharibia macho akiwa na miaka mitano. Tunamwita Bosi, kwa sababu tangu hapo anatuamrisha wote nyumbani, mimi, mama yake, hata bibi yake. Anasoma darasa maalumu katika shule ya msingi mtaa wa pili: watoto tisa, walimu wawili. Mmoja wa walimu hao kazi yake ni kuwafundisha kutembea na fimbo nyeupe. Watoto wanamwita Mwalimu Fimbo, ingawa hajawahi kumchapa mtu.

Kuna sekondari moja ya bweni ambako wasioona husoma pamoja na wanaoona. Ilitoa nafasi mbili kwa darasa lao, na sharti lake lilikuwa moja: mtoto aweze kutoka mahali na kufika mahali bila kushikwa mkono. Bosi alitakiwa atoke shuleni saa tatu asubuhi aje mpaka kwenye karakana yangu. Akishindwa, nafasi inakwenda kwa mwingine. Mwaka unaofuata umri ungekuwa umempita, na angebaki nyumbani na sisi mpaka tuzeeke.

"Nitamfuata hatua ishirini nyuma," Mwalimu Fimbo aliniambia siku moja kabla. "Sitafungua mdomo ila nikiona kifo."

"Na mimi nifanye nini?"

"Fanya kazi yako kama siku nyingine. Usimwite, usimfuate, usimsaidie. Kama siku nyingine tu, baba."

Nilimsikia. Lakini nilimsikia jinsi mtu anavyomsikia daktari akimwambia apunguze chumvi.

Mke wangu, anayefua mashuka hospitalini, aliomba zamu ya asubuhi makusudi asiwepo. Mlangoni aligeuka akaniambia, "Likitokea la kutokea, usinipigie simu. Njoo mwenyewe."

Karakana yangu iko katika safu ya vibanda vinne kando ya barabara kubwa. Mbele yangu barabarani kuna tuta, na magari hupunguza mwendo hapo. Ndipo pa kuvukia, hakuna pengine. Hatua kama ishirini kupita tuta, upande wa pili, upande ambao Bosi angekuja nao, kuna geti la jengo linalojengwa. Malori ya kokoto hutoka humo kinyumenyume, dereva akitegemea kioo kilichopasuka. Mwezi uliopita lori moja lilivunja nguzo ya umeme. Nguzo, kitu kinachoonekana! Mtoto je?

Ilipokaribia saa tatu, nikapata wazo. Mtu asiyeona anavuka kwa masikio. Na safu yetu ndiyo yenye kelele kuliko mtaa mzima: mimi na nyundo kwenye bati, jirani wa kushoto na mashine yake ya kuchomelea, fundi redio na spika zake, na Mama Vifungo, mshonaji, na cherehani mbili na mdomo mmoja unaozishinda zote. Mtoto angeyasikiaje magari katika vurugu ile? Nikapita kibanda kwa kibanda kama mtu anayechangisha.

"Nusu saa tu, ndugu zangu. Binti yangu anapita. Naomba kimya."

Mchomeleaji akazima mashine bila kuuliza. Fundi redio akanung'unika, akazima. Mama Vifungo akaondoa mguu kwenye cherehani akanitazama.

"Leo umejiunga na dini gani wewe?"

"Dada, nakuomba."

"Nimenyamaza. Lakini nikipasuka, utanishona mwenyewe."

Kukawa kimya. Miaka yote sikuwahi kusikia barabara ile bila sisi. Nilisikia tairi za magari.

Saa tatu na dakika kumi na tano akatokea ng'ambo. Sare ya bluu, mkoba mgongoni, fimbo inagusa kushoto, kulia, kushoto. Mwalimu Fimbo nyuma yake na viatu vya raba. Nilikuwa sijapata kumwona Bosi kwa mbali akiwa peke yake. Alikuwa mdogo. Nyumbani, kwa jinsi anavyotuamrisha, unaweza kusahau udogo wake.

Alipokaribia tuta akapunguza mwendo, akainamisha kichwa upande mmoja. Akasimama. Nikajisemea moyoni, vizuri, anasikiliza magari. Akasimama muda mrefu. Kisha akaendelea kutembea.

"Mbona anapita?" Mama Vifungo akanong'ona.

"Anatafuta pazuri."

"Pazuri wapi? Tuta si hili hapa?"

Akapita hatua tano. Kumi. Fimbo kushoto, kulia. Mbele yake geti likaanza kufunguliwa, na nikasikia injini ya lori ikinguruma ndani.

Mama Vifungo akanishika shati. "Wewe mwanamume! Mtoto anatutafuta sisi! Atajuaje amefika kama tumekaa kama maiti? Alikuwa anaitegea sikio nyundo yako!"

Baadaye nilielezwa kwamba ndivyo wanavyofundishwa: kila mtoto anajichagulia alama zake za njia, harufu ya duka la rangi, ubao wa mtaro unaolia ukiukanyaga, sauti fulani. Mzazi haambiwi, asije akazichezea. Bosi alama yake ya kuvukia ilikuwa mimi. Na mimi nilikuwa nimeifuta kwa mikono yangu, na kuwashukuru majirani kwa kunisaidia.

Nikafungua mdomo nimwite. Mwalimu alisema nisimwite, lakini hilo sikulikumbuka kabisa. Kilichoniziba mdomo ni kwamba nikimwita atageukia sauti yangu aje moja kwa moja, na pale alipofika hapana tuta, magari yanapita kama yamekatika breki. Nikabaki mdomo wazi. Mkojo ulinitoka kidogo. Haya, nimekiri.

"Piga!" Mama Vifungo akapiga kelele. "Piga, mbona umesimama?"

Nikaokota nyundo. Nikapiga bati, nikakosa, nikapiga meza, nikapiga tena. Nyuma yangu cherehani zikaanza, mashine ikaanza. Ng'ambo, kitako cha lori kilikuwa kinatoka getini. Mwalimu Fimbo alikuwa ameanza kukimbia, mkono mbele.

Bosi alikuwa amesimama. Lori likatoka lote, likapita mbele yake kama urefu wa meza yangu, vumbi likamfunika. Nikaendelea kupiga bila kuona ninachopiga. Vumbi lilipotulia alikuwa palepale, ameiweka fimbo kifuani. Mwalimu naye alikuwa amesimama hatua tatu nyuma, mkono umeganda hewani.

Bosi akageuka. Akarudi alikotoka, taratibu, fimbo ikifuata ukingo, mpaka akawa sawasawa mbele yangu. Akasubiri. Gari likapita. Pikipiki ikapita. Nikajipiga nyundo kidole gumba na sikukitazama. Kisha akainua fimbo juu, akaishusha, akavuka. Nikaendelea kupiga mpaka fimbo ilipogonga ngazi yangu.

"Baba," akasema, "hapa kulikuwa na msiba?"

"Hapana, mwanangu."

"Mbona mlinyamaza? Nilidhani nimepotea mtaa."

"Baba yako ndiye aliyetunyamazisha," Mama Vifungo akadakia. "Alitaka usikie vizuri."

"Nisikie nini sasa?" Bosi akaikumbatia fimbo kwa mikono miwili, na hapo nikajua kwamba naye alikuwa ameogopa kama mimi.

Nikamwambia Mwalimu Fimbo kosa ni langu, asimwandikie mtoto vibaya, kama ni kurudia arudie. Alikuwa anaandika kwenye daftari.

"Harudii," akasema. "Alisimama kabla hujapiga nyundo. Aliacha kutembea alipokanyaga kokoto. Bosi, kwa nini ulisimama?"

"Kwenye njia yangu hakuna kokoto."

"Ukataka kufanya nini?"

"Nirudi mpaka kwenye ubao wa mtaro, nianze upya."

Mwalimu akanigeukia. "Nafasi ni yake. Kuna watoto wanajua njia vizuri, lakini wakipotea wanazidi kwenda tu." Akafunga daftari. "Mimi napanda gari hapa, naenda ofisi ya elimu kupeleka jina lake leo. Bosi, rudi darasani."

"Na nani?" nikauliza.

"Kuja nilimfuata. Kurudi hafuatwi."

Nikamwambia Bosi anywe maji kwanza. Akanywa. Nikamwambia apumzike. Akasema hajachoka. Nikamwambia jua limekuwa kali.

"Baba, jua huwa linanigonga?"

Majirani wakacheka. Mimi sikuweza. Bweni lile liko mbali, huko kuna barabara nyingine na malori mengine, na hakuna mtu wa kwetu hata mmoja. Nilikuwa nimemwombea afaulu, na sasa nilitamani nimfungie ndani.

Akashuka ngazi. Akasimama ukingoni, akainua fimbo, akavuka. Basi refu likaja nyuma yake, likapunguza mwendo kwenye tuta, likaziba upande wote wa pili, na mimi nikahesabu madirisha yake moja moja. Lilipokwisha kupita, alikuwa ng'ambo, amenipa mgongo, anatafuta ukingo. Jina lake lilikuwa tayari mdomoni mwangu.

Sikumwita.