Mgeni wa Mama Ange

Epifania hakumwamini mtu yeyote mwenye kalamu. Wazazi wake walifika Kibondo wakiwa wakimbizi, yeye akapata uraia, lakini kila mwenye kalamu aliyepita mtaani aliuliza yale yale: umetoka wapi, nani kalala kwako. Basi Badru, afisa afya, alipobisha hodi asubuhi na kuuliza hayo hayo, Epifania alisimama katikati ya mlango. Huyu ni Uhamiaji, aliwaza, kajivika koti la hospitali.

Chumba cha nyuma alilala kaka yake, Nkunzimana, aliyevuka mpaka kule Nyabibuye kutoka Burundi kuja kumwona. Hakuwa na kibali. Tangu jana alikuwa anaharisha maji matupu. Wakimkuta watamrudisha, na kwa hali ile asingefika.

"Sina mgeni," alisema.

Badru hakubisha, na hilo ndilo lililomtia shaka zaidi. Aliuliza wanachota maji wapi, wanayachemsha au hawayachemshi, choo kiko wapi. Choo kinamhusu nini? Nyuma yake Swaumu, mhudumu wa afya wa mtaa, alilikodolea macho dirisha lililofungwa. Jirani gani huyu, juzi kaja kuomba chumvi, leo kaleta watu. Swaumu akasema taratibu kwamba mficha maradhi kifo kitamuumbua. Epifania akasikia tishio.

Ndani mtu akatapika. Epifania akakohoa kwa nguvu, kikohozi ambacho kisingemdanganya hata kuku.

"Mama Ange," Badru alisema, "sijauliza kitambulisho chake. Nauliza anaharisha tangu lini, na shuka zake umefulia wapi."

Shuka. Alizifua alfajiri, watu wakiwa bado wamelala, asije akaulizwa. Alizifulia kwenye chemchemi ya bondeni, wanakochota mtaa mzima. Binti yake Ange alikuwa ameshashuka huko na ndoo.

Epifania alikimbia bila viatu. Njiani alitafuta uongo wa kuwafukuza watu pale, nyoka, sumu, chochote, akaona hakuna uongo watakaouamini upesi. Wanawake waligeuka wote kumtazama.

"Mwageni maji," alisema. "Kaka yangu katoka Burundi, yuko kwangu, anaharisha na kutapika. Nimefulia hapa shuka zake."

Ndoo moja ikamwagwa, kisha nyingine. Ange alishusha kikombe taratibu. Midomo yake ilikuwa imelowa.